TAHADHARI: Kuna jamaa Arusha anauza seti za ESP32 zinazosoma unyevu wa kutunga

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Moshi, hasira imeshapoa kidogo, maana ningeandika juzi ningetukana. Kuna jamaa wa Arusha anajitangaza kwenye magrupu ya mafundi na wanafunzi wa vyuo. Anauza kile kiboksi kidogo cha ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) chenye kioo na vitufe vitatu, ambacho moduli zake zinapachikwa moja juu ya nyingine kama hotpoti za ngazi. Jina lake halina faida kwenu, analibadilisha kila baada ya siku chache. Shikeni mbinu yake.

Baba yangu mdogo ana stoo ya kahawa Kibosho. Wanaoijua kahawa wanaelewa: ukishaikausha hadi unyevu wa asilimia 11 au 12 unataka ibaki hapo. Stoo ikiwa na hewa mbichi, punje zinavuta maji tena, ukungu unaingia, na bei ndiyo imekwenda. Nikataka kumwekea kifaa cha kupima joto na unyevu wa hewa, kimtumie taarifa kwenye simu.

Tangazo lilisema 165,000: bodi yenye hifadhi ya MB 16, moduli ya kihisi cha BME280 (kinachopima joto, mgandamizo na unyevu wa hewa), na moduli ya betri. Akataka nitume hela kwanza, mzigo uje kwa basi. Nikakataa, nikamwambia nakuja mwenyewe. Hapo nikajiona mjanja kweli.

Tukakutana karibu na Mnara wa Saa. "Dukani wanapaka rangi mkuu, tumalizane hapa hapa." Boksi lilikuwa zuri kuliko la simu yangu, nailoni haijaguswa, stika imekaa sawasawa. Akafungua mbele yangu, akapachika moduli, akawasha. Kioo kikaonyesha joto 24.3, mgandamizo wa hewa hPa 861, unyevu asilimia 61. Nikalipa. Namba ya kulipia ilileta jina la mwanamke. Akasema ni la mke wake. Nami nikabonyeza tu.

Nyumbani nikawasha tena. Mgandamizo ulikuwa umepanda hadi 918, na ni sahihi kabisa, kwa kuwa Moshi iko chini kuliko Arusha. Nikafurahi, nikasema kitu kinasoma kweli. Usiku ikanyesha mvua ya kupiga bati mpaka asubuhi. Unyevu: 61. Mara 62. Mara 60. Nikapata wasiwasi.

Nikachukua kikombe cha chai ya moto, nikashikilia kifaa juu ya mvuke. Joto likapanda fasta mpaka 38. Unyevu ukaendelea na starehe zake: 61, 62, 61, 60, 62, 63, 61. Nikazima, nikawasha, nikachukua daftari nikaandika kila namba inayotokea. Nikarudia mara tatu. Mfuatano ni ule ule, kuanzia namba ya kwanza mpaka ya mwisho! Yaani mtu alikaa chini akaandika orodha ya namba ndani ya programu ili kioo kisibaki wazi.

Hapo ndipo nikaanza kukipekua. Waya waliokuja nao ni wa kuchaji tu, hauna nyaya za data, na sasa naamini haikuwa bahati mbaya. Nilipotumia waya wangu nikauliza kihisi kitambulisho chake, kwenye rejista 0xD0 (kisehemu cha kumbukumbu ndani ya chipu). BME280 hujibu 0x60. Hiki kikajibu 0x58, yaani ni BMP280. Zote mbili ni za Bosch, anwani zake zinafanana, zote zinapima joto na mgandamizo, ila BMP280 haina kabisa sehemu ya kupima unyevu. Ndiyo maana namba mbili zilikuwa za kweli, na mimi nikaziamini zote tatu. Hata kwa macho unaweza kuzitofautisha ukiwa na lenzi: kifuniko cha bati cha BME280 ni mraba, cha BMP280 ni mstatili. Kwenye bodi yangu maandishi yanasema BME280, chipu yenyewe mstatili.

Nikaendesha esptool, programu ya kompyuta ya kukagua ESP32, kwa amri ya flash_id inayoonyesha ukubwa wa hifadhi. ESP32 yenyewe ni halali, lakini hifadhi ni MB 4, siyo 16. Moduli ya betri ndiyo iliyonichekesha: ndani kuna kibetri kama cha spika za masikioni, na pembeni kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi ya moto kuongeza uzito.

Nikamwandikia kwa ustaarabu. Jibu: "Umekiunguza mwenyewe mkuu." Baadaye akalainika, akasema nitume 40,000 za kijana atakayeleta kingine. Nilipomtumia picha ya zile chipu, akanibloku.

Sasa ukikutana na yeyote anayeuza hivi vitu mkononi, kabla ya kulipa pulizia kihisi pumzi ya moto ya mdomo kama unavyosafisha miwani. Unyevu usiporuka ndani ya sekunde chache, ondoka zako. Nenda na kompyuta na waya wako wa data, usikubali kuonyeshwa programu aliyoipakia yeye. Mwenye duka la kweli atakupa lipa namba yenye jina la biashara na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) bila kuzunguka. Meseji za kutaka hela unaweza kuzipeleka 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mimi nimefanya hivyo, na polisi nimeenda na daftari langu. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, nako malalamiko yangu nimeshayaandika.

Kwa wale walionunua tayari, msitupe. Kioo na ESP32 ni vizima, badilisheni kihisi tu na mfute programu yake. Lakini kama umekifunga kwenye banda la vifaranga au stoo ya mtu, kakifungue leo. Baba mdogo alikuwa aache kufungua madirisha kwa sababu ya ile 61.

Jana usiku tangazo limerudi kwa jina jingine, picha zile zile, nyuma inaonekana ile ile meza yenye kitambaa cha maua ya njano. Bei imeshuka: 140,000, "zimebaki tatu".