Kipimo cha aldosteroni na renini kwa wenye presha: uzoefu wangu

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kama presha imegoma kwa dawa tatu, au inaandamana na potasiamu ndogo, hiki ndicho kipimo cha damu ninachokitaka kwanza. Kinasaka ugonjwa alioueleza Jerome Conn wa Michigan mwaka 1955: tezi ya adrenali, ile iliyokaa juu ya figo, inamwaga aldosteroni, homoni ya kushikilia chumvi, bila kuamriwa. Mwili unang'ang'ania chumvi, potasiamu inapotelea kwenye mkojo, presha inapanda, na figo zikiona chumvi tele zinaacha kutoa renini, ambayo kwa kawaida ndiyo huanzisha amri ya kutoa aldosteroni. Kipimo hugawanya aldosteroni kwa renini, na jibu huitwa uwiano: ukiwa mkubwa, ugonjwa unashukiwa. Wagonjwa wengi potasiamu yao iko sawa tu, kwa hiyo usiache kupima kwa sababu hiyo.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya maandalizi. Karatasi ya maabara ninayoitumia inakuambia usile tangu usiku, jambo lisilohitajika hapa, halafu iko kimya kuhusu dawa. Spironolaktoni (dawa inayozuia kazi ya aldosteroni) na amiloridi (dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu) huachwa wiki 4 kabla, daktari akikubali. Potasiamu irudishwe karibu na 4.0 mmol/L, maana ikiwa chini huishusha aldosteroni. Chumvi kula kama kawaida. Ukijinyima, renini inapanda. Atenololi (ya presha) na diklofenaki (ya maumivu) huibana renini, uwiano ukapaa bure. Enalaprili na losartani, nazo za presha, pamoja na dawa za kukojoza hufanya kinyume, zinaficha ugonjwa. Ila mtu aliye kwenye losartani na renini yake bado iko chini kabisa, hiyo ni dalili nzito, sihangaiki kumwachisha. Presha ikitaka kushikiliwa wakati huo, verapamili, hidralazini au doksazosini hazivurugi sana.

Damu hutolewa asubuhi, ukiwa umeshaamka na kuzunguka angalau saa 2, kisha umekaa kwenye kiti dakika 5 hadi 15. Usifumbe na kufumbua ngumi wakati mkono umefungwa mpira, potasiamu itapanda ya uongo. Na chupa ya damu isiwekwe kwenye barafu! Kwa sampuli nyingine za homoni barafu ni mazoea, lakini hapa baridi huigeuza prorenini, yaani renini ambayo bado haijaanza kazi, kuwa renini, uwiano unashuka na mgonjwa anaambiwa hana kitu.

Kwenye majibu, dai tarakimu zote mbili pamoja na vizio vyake (ng/dL, pmol/L na kadhalika). Aldosteroni 18 ng/dL kwa renini 0.3 ng/mL/saa ni uwiano wa 60. Aldosteroni 6 kwa renini 0.1 nayo ni 60, lakini hapo uwiano umebebwa na renini ndogo tu. Wengi huchukua 20 hadi 30 kama mpaka, aldosteroni nayo ikiwa angalau 10. Maabara ikiandika pmol/L, gawanya kwa 27.7: 500 inakuwa 18. Renini ikiandikwa mU/L, mpaka huo haukuhusu kabisa. Uliza wa mashine yao.

Uthibitisho wa kawaida ni dripu ya chumvi ya 0.9%, lita 2 kwa saa 4. Aldosteroni ikibaki juu ya 10 baada yake, ugonjwa upo. Ikishuka chini ya 5, hauelekei kuwepo. Mwenye moyo dhaifu au potasiamu iliyoporomoka asipewe dripu hiyo. Aldosteroni ikizidi 20, renini haionekani na potasiamu imeshuka yenyewe, dripu haina kazi.

Kinachobaki ni kujua tezi ipi. Uvimbe wa upande mmoja hukatwa. Tezi zote mbili zikiwa zimenenepa, ni spironolaktoni, na wanaume waambiwe mapema kuwa inaweza kujaza matiti. Picha ya CT peke yake hudanganya, hasa baada ya miaka 35, kwani vinundu visivyotoa homoni yoyote ni vingi umri huo. Ndiyo maana damu huchotwa kwenye vena ya kila tezi. Ya kulia ni fupi, inaingia moja kwa moja kwenye vena kubwa, na wachotaji hukosea hapo. Kabla ya kuangalia aldosteroni, soma kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizo: pakitumika kosintropini, dawa ya kuichochea tezi, ya kwenye vena ya tezi iwe angalau mara 5 ya ile ya vena ya pembeni, mbali na tezi, la sivyo sindano haikufika. Ndipo ulinganishe uwiano wa aldosteroni kwa kotisoli wa pande mbili. Upande mmoja ukizidi mwingine mara 4, ndiko kwenye tatizo. Ripoti isiyo na kotisoli ya kulia na kushoto mimi huirudisha.