Konokono wa akwariamu Kampala: anza kukagua ncha ya gamba

Malalamiko ya wasomaji ni yale yale: konokono alinunuliwa mzima, baada ya miezi miwili gamba limetoboka juu kama jino bovu. Muuzaji anasema umemlisha vibaya. Mara nyingi kosa liko kwenye maji, na dalili zilikuwepo tangu dukani.

Maji ya bomba ya Kampala na Entebbe yanatoka Ziwa Victoria, nayo ni laini, yaani yana chokaa kidogo. Konokono hurefusha gamba upande wa mdomo wake tu, yaani uwazi anakotokea. Ncha, sehemu kongwe kuliko zote, haijengwi tena. Ile ngozi nyembamba ya nje ikichubuka, maji hulamba chokaa iliyo chini yake, hasa yakiwa na asidi. Rangi na ukubwa basi viache kwanza. Omba atolewe majini, elekeza tochi ya simu kwenye ncha. Ikiwa nyeupe kama chaki, au kucha inanasa kwenye kishimo, mrudishe. Halafu tazama ukingo wa mdomo wa gamba: ukiwa umepauka na mwembamba kama karatasi, amekulia kwenye uhaba wa chokaa. Mguse mguu, mwenye afya hujivuta ndani na kujifungia.

1. Neraiti. Kati ya aina nne hapa, huyu ndiye chaguo langu, na sina haya kumpendelea. Anakwangua mwani kwenye kioo kuliko wote, na hajazi tangi, kwa sababu vifaranga wake wanahitaji maji ya chumvi ili wakue. Atakuachia vidoa vyeupe vya mayai kwenye mawe, vumilia. Weka mmoja kwa kila lita 20, na tangi liwe na kifuniko, maana hupanda hadi nje. Usimtie kwenye tangi jipya lisilo na mwani: atakufa njaa huku umemzungushia majani ya letusi asiyoyagusa.

2. Tarumbeta (yule mrefu kama parafujo). Mchana hujificha mchangani, anauchimbua na kuuzuia usioze. Anazaa hai, na ukizidisha chakula cha samaki utamhesabu kwa mamia.

3. Misteri. Mzuri kumtazama, lakini gamba lake linakua haraka, kwa hiyo ndiye anayeumbuka mapema kwenye maji yetu. Akitaga mayai ya waridi iliyokolea juu ya maji na kutafuna mimea yote, huenda umeuziwa jamaa yake aliyevamia mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, mwaka 2020. Usimtupe mtaroni kamwe.

4. Wa bei poa. Yule bapa aliyejiviringisha kama kamba, kama amezalishwa tangini, sawa. Aliyeokotwa ziwani, hata wa bure, hapana: jamii yake ndiyo inayobeba kichocho.

Kabla ya kununua yeyote, pima maji. Mimi natumia matone ya kampuni ya API ya kupima GH (ugumu wa maji, yaani chokaa na magnesiamu) na KH (uwezo wa maji kuzuia asidi), si vile vijikaratasi. Mililita 5 za maji, tone moja moja, ukitikisa. Kila tone ni digrii moja. Kwa GH rangi hutoka chungwa kwenda kijani, kwa KH buluu kwenda njano. Usishangae ikigeuka kwenye tone la pili au la tatu. Tafuta GH 8 na KH 4. Kwa lita 40, tia gramu 100 za matumbawe yaliyosagwa ndani ya mfuko wa wavu kwenye chujio, upime kila wiki, hupandisha polepole. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa pia husaidia, ila yanakawia zaidi.

Hapo ndipo wauzaji wanaponikera: matumbawe yanafungwa kwenye mfuko usio na jina wala uzito, kisha yanapewa bei ya dawa. Na dawa zenyewe! Samaki wakipata madoa meupe, wengine humwaga dawa yenye shaba, mrututu ule ule, kisha konokono wanauzwa kutoka tangi hilo hilo. Shaba huua konokono hata ikiwa kidogo. Uliza tangi lilitiwa nini mwezi huu. Asipojibu moja kwa moja, nenda duka lingine.