Miwani ndiyo, duka hapana (nadhani)

Miwani yenyewe ni nzuri. Naanza na hilo kwa sababu nikifika kwa yule mwenye duka nitasahau kulisema, na kioo hakina kosa.

Mimi ni mtu wa boti hapa Malindi, zile zenye kioo chini. Nawapeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari kutazama matumbawe na samaki. Kwa kazi hii jua hukupiga mara mbili: la juu, na lile linalorudi kutoka majini. Kofia pana ya ukili inazuia la juu tu. Povu la mawimbi peke yake hurudisha kama robo ya ile miale mibaya isiyoonekana, mchanga mkavu nao una sehemu yake, na wingu likitanda usidhani umepona, inapenya. Ndiyo maana wenzangu kadhaa wana kinyama jichoni, kile kinachoota kwenye weupe upande wa pua kikitambaa kuelekea katikati. Mimi ninacho, jicho la kushoto. Daktari wa macho akanieleza kwamba jua ndilo linalokilisha, upepo na vumbi vikisaidia. Kukatwa kinakatwa, lakini kina tabia ya kurudi, na kikiachwa kikafika mbele ya mboni kinaziba kuona. Akaniambia nitafute miwani yenye UV400, yaani inayozuia miale hiyo hadi nanometa 400, tena iwe imeukumbatia uso ili mwanga usiingie pembeni.

Basi nikaingia duka moja hapa mjini. Jina silitaji, sitaki maneno. Nikamkuta kijana aliyeajiriwa pale, na huyo, wallahi, ndiye sababu ya mimi kutoa pesa. Nilimwonyesha miwani iliyobandikwa stika ya UV400, nikamwambia hii ndiyo niliyotumwa. Akanijibu, "Stika hata mimi naweza kuibandika, baba. Ngoja tuipime." Akatoa kikopo kidogo chenye taa ya zambarau, akapitisha kioo katikati, namba zikaanguka hadi chini kabisa. Akachukua na nyingine, ya bei rahisi, nyeusi tititi, ungedhani ndiyo kinga yenyewe. Ile ikapitisha miale mingi tu. Akanifahamisha kwamba weusi ni rangi. Ukivaa kioo cheusi kisichochuja, mboni inajifungua ikitafuta mwanga, na ile miale inaingia kwa wingi kuliko hata ungekaa macho matupu. Nikawakumbuka wale vijana wa ufukweni wanaovaa za mia mbili mia mbili, nikasikia baridi.

Akaniuzia ile iliyofaulu, sh. 2,500, yenye kioo cha polaraizi pia. Hapo napo alikuwa mkweli: alisema polaraizi ni ya kukata mng'ao, haimaanishi miale imezuiwa, ni mambo mawili mbali. Lakini kwa mtu wa boti kukata mng'ao si anasa. Maji yakipwa naliona jiwe lilipo kabla halijanikwaruza boti.

Nikaivaa kaskazi yote. Ule mwasho wa jioni, macho kama yametiwa mchanga, uliisha. Kinyama hakijapungua, na daktari hakuniahidi kwamba miwani itakipunguza, ninachotaka kisisogee. Ningeandika maoni wakati ule ningetoa nyota tano na kumwombea dua mwenye duka.

Halafu, siku si nyingi kabla maji ya mto Sabaki hayajaja kuichafua bahari, mkono mmoja ukachomoka nikiwa nashusha wageni. Skrubu ya bawaba imeliwa na kutu. Nikasema si neno, waranti ninayo, risiti ninayo, nikaenda.

Siku hiyo kaunta alikaa tajiri mwenyewe. Mtu mdogo kwangu kwa umri. Salamu nilitoa mimi, na akaijibu akitazama simu. Akaishika miwani kwa vidole viwili.

"Hii ulivaa wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Boti."

Akacheka, jamani. "Ulivaa baharini? Mzee, waranti haihusu maji ya chumvi."

Malindi! Mji ambao chumvi inakula mabati, inakula baiskeli, inakula hata vitasa vya milango ya watu wasiouona ufuo wiki nzima. Miwani ya jua nikaivae wapi, jikoni? Na nyuma ya kichwa chake, nawaapia, kuna picha kubwa ya mzungu juu ya mashua, amerushiwa maji usoni, amevaa miwani ya aina ileile. Nikamnyooshea kidole ile picha. Akasema, "Hilo ni tangazo."

Sikuomba miwani mpya. Niliomba skrubu. Kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Badala ya skrubu akaniuliza, watu wamejaa dukani, tangu lini wana bahari wakavaa miwani, kwani babu zetu walivaa?

Babu yangu alimaliza umri akishikwa mkono kupelekwa msikitini. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Sisemi ni jua pekee, uzee nao una lake, lakini jua limo. Hilo sikumwambia, si mtu wa kuambiwa. Nilichukua miwani yangu nikatoka. Yule kijana alikuwepo, ameinamia sakafu anapangusa pasipo na vumbi. Simlaumu, ana mkate wake.

Fundi saa wa sokoni alinitilia skrubu ya shaba kwa sh. 50, na hakuniuliza nilivaa wapi.

Sasa nyota. Nilikusudia tatu. Nimefika hapa naona mbili, na zote ni za kijana. Lakini pia kioo kile sijakiona duka jingine mjini kikipimwa mbele ya mteja, hilo siwezi kulificha, na mwenye kinyama jichoni hatakiwi kuadhibiwa kwa mdomo wa mtu mwingine. Kwa hiyo nendeni. Chunguzeni kwanza mlangoni: mkimwona kijana mwembamba mwenye kofia ya vito, ingieni, mwambieni awapimie. Mkimwona mwenye simu, piteni mkanunue maandazi, mrudi saa ya swala.