Uzoefu wangu: kuwasha chipu ya usalama ya TPM kwenye ThinkPad T480

Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, na laptopu yangu ni ThinkPad T480 niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Nilipotaka kuhamia Windows 11, ambayo tangu ilipotoka Oktoba 2021 inadai chipu ya TPM, inayotunza funguo za kufungulia data, ya toleo la 2.0, niliambiwa kuwa mashine haikidhi masharti, na fundi mmoja akanishauri ninunue nyingine. Kumbe chipu ilikuwamo, ila imezimwa. Niliwasha laptopu huku nikibonyeza F1, nikaingia kwenye BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine, sehemu ya Security, kisha Security Chip, nikaiweka Enabled na kuhifadhi kwa F10. Jirani yake kuna Clear Security Chip, ambayo hufuta funguo zilizomo. Ikiwa diski yako imeshafungwa kwa BitLocker, programu ya Windows inayoifunga data ya diski kwa ufunguo wa siri, usiguse hiyo Clear Security Chip.

Faida yake niliiona kwa macho. Kabla ya kuwasha BitLocker, niliichomoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta ya mwenzangu, na majalada ya wanachama, pamoja na namba zao za simu na madeni yao, yakafunguka yote bila kuulizwa nenosiri, kwa sababu nenosiri la Windows hulinda mlango wa kuingilia tu, si data iliyo ndani ya diski. Nilipoirudia kazi hiyo baada ya kuifunga diski, kompyuta ile ilidai ufunguo wa kurejesha na haikuonyesha hata jina la jalada moja, kwani ufunguo wa kuifungua unalindwa na chipu iliyobaki kwenye laptopu yangu, nayo huutoa pale tu inapojiridhisha kwamba mashine imewaka kwa programu zilezile inazozitambua.

Ukali huohuo ulinigeukia nilipoiboresha BIOS bila kuisitisha BitLocker kwanza. Asubuhi nilikuta skrini ya buluu inayodai tarakimu 48 za ufunguo wa kurejesha, na nilizisoma moja moja kutoka kwenye karatasi niliyoziandika siku ya kwanza, mafungu manane ya tarakimu sita, mikono ikinitetemeka, maana bila karatasi ile hesabu za wanachama zilizokuwa humo zisingefunguka tena. Sasa huisitisha BitLocker kabla ya kila uboreshaji wa BIOS, na nakala ya pili ya tarakimu hizo anayo mweka hazina, ndani ya sefu ya chama.