Hedifoni Zinazozimia Bila Kufa: Tathmini Baada ya Miaka Miwili ya Matumizi

Hedifoni ninazozitathmini hapa ni za kufunika sikio zima, zisizotumia waya, zenye uwezo wa kupunguza kelele za nje, nami nimezitumia kwa miaka miwili na ushei. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia katika hedifoni za watu wengine zenye nembo tofauti, na haitakuwa haki kumtwika mmoja mzigo wa wengi. Kuhusu sauti sina ugomvi nazo: besi ni nzito bila kuyameza maneno ya mwimbaji, mito ya masikio haijachanika, na mtu anaweza kuzivaa tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuumwa na utosi. Lililonifanya niandike ni jingine kabisa. Katika miaka hiyo miwili hedifoni hizi zimekataa kuwaka mara tatu, na mara zote tatu niliamini kwamba zimekufa, kumbe zilikuwa zimezimia tu.

Lawama yangu ya kwanza naielekeza kwa aliyezibuni. Zina kitufe kimoja na taa moja isiyozidi kichwa cha pini. Kitufe hicho kinawasha, kinazima, kinaunganisha na simu, kinataja kiasi cha chaji na kinarudisha hali ya kiwandani, na tofauti kati ya kazi hizo zote ni idadi ya sekunde ambazo kidole kimekaa juu yake. Taa nayo ikiwa giza, maana yake yaweza kuwa kwamba betri imeisha, au waya hauleti umeme, au umeme unaingia kidogo mno kiasi kwamba taa bado haijaruhusiwa kuwaka, au betri imejaa na taa imezimika yenyewe, au programu ya ndani imeganda. Giza ni lile lile kwa hali zote hizo tano, na mwongozo uliokuja ndani ya boksi unazungumzia moja tu kati yake.

Mara ya kwanza zilikuwa na umri wa miezi mitatu. Nilikuwa nimenunua chaja mpya ya simu, ile yenye tundu la USB-C, pamoja na waya wake wenye ncha ya USB-C pande zote mbili. Nikazichomeka usiku, nikalala, na asubuhi nilipobonyeza kitufe sikusikia ile sauti ya kukaribishwa wala sikuona taa. Nikabadilisha soketi ya ukutani, nikageuza ncha za waya, nikajaribu waya mwingine wa aina ile ile, na hali ikabaki vile vile. Simu yangu, kwa chaja hiyo hiyo na waya huo huo, ilikuwa ikijaa bila tatizo, jambo lililonishawishi zaidi kwamba ubovu uko kwenye hedifoni. Niliandikia huduma kwa wateja, nikajibiwa kwa upole kwamba nizichaji kwa saa mbili kisha nizirudishe katika hali ya kiwandani. Ushauri huo haukunifaa, kwa maana kitu kisichopokea umeme hakina hali yoyote ya kurudishwa.

Nilipopata kipimo kidogo cha umeme cha USB-C kinachokaa kati ya chaja na kifaa, ndipo fumbo lilipofumbuka. Nilipokichomeka pamoja na waya wa ncha mbili za USB-C, kioo cha kipimo chenyewe hakikuwaka, ikiwa na maana kwamba chaja haikuwa ikitoa hata volti moja. Nilipotumia waya mfupi uliokuja na hedifoni, wenye ncha pana ya USB ya zamani upande wa chaja, pamoja na chaja ya zamani inayoupokea, kipimo kikaonyesha volti 5 na umeme ukaanza kuingia palepale. Sababu yake ni rahisi kueleza. Chaja ya USB-C haimwagi umeme ovyo. Husubiri kwanza kifaa kijitambulishe, na kifaa hujitambulisha kwa rezista mbili ndogo (vipande vinavyozuia sehemu ya mkondo wa umeme) za kilo-omu 5.1, moja kwa kila upande wa plagi, kwa kuwa plagi hiyo huweza kuchomekwa bila kujali juu na chini. Mtengenezaji akiziacha rezista hizo, chaja huona kwamba hakuna kitu kilichochomekwa, nayo hukaa kimya. Chaja ya zamani yenye tundu pana haina desturi ya kuuliza. Volti 5 zipo mlangoni wakati wote, na ndiyo maana waya ule mfupi, uliodharauliwa kwenye droo, ulifanya kazi ambayo waya wa bei ya juu zaidi ulishindwa kuifanya.

Nimesoma watu wakisema kwamba kasoro hiyo ni ya bidhaa duni peke yake, nami sikubaliani nao moja kwa moja. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, ilipotoka mwaka 2019, ilikuwa na kosa la ukoo huo huo: pini mbili za utambulisho ziliunganishwa kwenye rezista moja, na matokeo yake baadhi ya waya za USB-C, hasa zile zenye chipu ndani yake, zilishindwa kuiwasha, hadi toleo la baadaye liliporekebishwa. Ikiwa wahandisi wa kiwango hicho waliteleza hapo, sishangai kwamba mtengenezaji wa hedifoni aliteleza. Ninacholalamikia ni kwamba mwongozo wake unasema "tumia waya uliotolewa" pasipo kueleza kwa nini, na sentensi isiyo na sababu ni rahisi mno kupuuzwa. Kwa hiyo, yeyote ambaye hedifoni zake hazionyeshi dalili yoyote ya uhai na ajaribu kwanza waya wenye ncha pana pamoja na chaja ya kawaida, kabla hajafikiria fundi.

Mara ya pili kosa lilikuwa langu kwa kiasi kikubwa. Nilizitumia hadi zikazima zenyewe, nikaziweka ndani ya mkoba wake, nikazisahau kwa zaidi ya miezi minne. Betri za lithiamu za aina hii huwa na volti takriban 3.7 katika hali ya kawaida na volti 4.2 zikijaa, na ndani yake mna sakiti ya ulinzi inayokata mawasiliano volti zinaposhuka sana, kwa kawaida kati ya 2.5 na 3, kwa kuwa kuikamua betri kupita hapo huiharibu. Hedifoni zilizozimwa haziachi kunywa umeme kabisa. Hunywa matone, na betri yenyewe nayo huvuja polepole. Tone kwa tone miezi hiyo yote, na sakiti ya ulinzi ikafunga mlango.

Nilizichomeka, safari hii kwa waya sahihi, na baada ya dakika kumi taa ilikuwa bado giza. Kipimo, hata hivyo, kilikuwa kikionyesha volti 5 na umeme mdogo sana, ampea 0.03 hivi, ilhali hedifoni hizi huvuta kama ampea 0.4 zikiwa katika chaji ya kawaida. Huo ndio uangalizi mahsusi ambao chipu ya chaji huipa betri iliyoshuka mno: huinywesha kidogo kidogo mpaka ifikie karibu na volti 3, ndipo ifungulie mkondo kamili. Mtengenezaji wangu ameamua kwamba taa isiwake katika kipindi hicho, uamuzi ambao sijaupatia sababu hadi leo, kwani ndicho kipindi ambacho mwenye hedifoni anahitaji kuambiwa neno zaidi ya wakati mwingine wowote. Nilizungumza na nafsi yangu, nikaziacha. Zilipotimiza kama dakika arobaini, taa nyekundu ikapepesa mara mbili, na namba kwenye kipimo ikaruka kutoka 0.03 hadi 0.38. Laiti ningezichomoa katika dakika ya kumi na tano, kama nilivyokuwa nimekusudia, ningeandika leo kwamba zilikufa.

Pawabenki katika hali hiyo haisaidii sana, na hapa wengi huponzeka. Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zinapoona kwamba kifaa kilichochomekwa kinavuta umeme kidogo mno, kwa kudhani kwamba kimeshajaa au kimeondolewa. Betri iliyozimia inavuta kiasi hicho hicho kidogo, kwa hiyo pawabenki humkatia mgonjwa maji kabla hajapata nguvu za kukaa. Chaja ya ukutani ni salama zaidi. Joto nalo lina sehemu yake: betri hizi kwa kawaida hukubali kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi, hivyo hedifoni zilizoachwa ndani ya gari lililofungwa juani zinaweza kukataa chaji hadi zipoe.

Lipo pia kosa la kitoto ambalo nalikiri bila aibu. Katika zile dakika arobaini nilikuwa nikibonyeza kitufe cha kuwasha kila baada ya muda mfupi huku waya ukiwa bado umechomekwa, nikiona kutowaka kwake kuwa ni uthibitisho wa kifo. Hedifoni hizi, kama zilivyo nyingine nyingi, haziwaki kabisa zikiwa kwenye chaji; hata zikiwa zimewaka, zikichomekwa hujizima. Uthibitisho niliokuwa nikiutafuta haukuwapo.

Mara ya tatu ilikuwa fupi. Nilikuwa nasikiliza, nikapokea simu, sauti ikakatika, na taa ya buluu ikabaki imewaka bila kupepesa. Kitufe hakikuitika. Hapo ni programu ya ndani iliyoganda, na kwa kuwa betri imefungiwa ndani na haiwezi kuchomolewa, njia iliyobaki ni kukibana kitufe kwa muda mrefu. Kwangu zilihitajika sekunde ishirini kamili, ambazo kidole huziona ndefu kuliko zilivyo. Kampuni nyingine hutumia mchanganyiko wa kitufe cha kuwasha na kile cha sauti, au hutaka hilo lifanyike zikiwa kwenye chaji, kwa hiyo hapa mwongozo wa modeli husika hauna mbadala. Zilipowaka zilikuwa zimesahau simu yangu, na simu nayo iliendelea kuzikumbuka kwa namna ya zamani, hivyo ilinibidi kuzifuta kwenye orodha ya Bluetooth na kuziunganisha upya. Nalitaja hili kwa sababu mtu anaweza kuzifufua kisha akadhani bado hazijawaka, eti kwa kuwa tu hazitoi sauti, ilhali tatizo lililobaki ni la kuungana na simu.

Uchafu wa tundu la chaji nitaugusa kwa ufupi. Nilipolimulika tundu langu kwa tochi ya simu niliona vumbi la nguo lililoshindiliwa ndani kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini plagi ilikuwa imeanza kuchezacheza na kudondoka. Kijiti cha meno cha mti, kwa mkono mwepesi na hedifoni zikiwa zimezimwa, kilitosha; sindano na pini si za kuingizwa humo, kwa kuwa zinaweza kuunganisha pini zisizopaswa kugusana. Kwa zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, za kusafishwa ni vile vidoti vya metali vinavyogusana na kasha lake, ambavyo jasho na nta ya sikio huvifunika. Pamba yenye spiriti kidogo huvirudisha.

Na zikifa kweli? Hedifoni hizi zina tundu la plagi ya milimita 3.5, na hilo ni jambo ninalolisifu kwa dhati, kwa sababu zikichomekwa kwa waya wa sauti hucheza hata betri ikiwa tupu, ingawa bila kupunguza kelele. Zikicheza kwa waya, spika zake ni nzima na tatizo liko kwenye betri au sakiti yake. Lakini gamba likiwa limefura, au likitoa harufu tamutamu ya kemikali, au likipata moto likiwa kwenye chaji, majaribio yote yakome hapo hapo: betri iliyovimba haitobolewi wala haichajiwi tena.

Kubadilisha betri ya hizi zangu si kazi ya mtu asiyezoea. Nilitoa mto wa sikio la kushoto ili nione: skrubu nne, kisha betri iliyobandikwa kwa gundi, na waya zake zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi pasipo plagi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya betri ya mwaka 2023, unataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 vifaa vya kubebeka viwe na betri ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa na kuibadilisha. Mtengenezaji wangu atalazimika kuiacha gundi yake ikiwa anataka kuendelea kuuza huko, nami nitasubiri toleo hilo kabla ya kununua jingine.

Nazipa nyota tatu kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa ajili ya taa isiyosema kitu, na nyingine kwa ajili ya rezista mbili ambazo zingemgharimu mtengenezaji karibu na bure. Waya mfupi uliokuja nazo nimeufunga kwa mpira ndani ya mkoba wake, na hautoki humo hata mdogo wangu anaposimama mlangoni na simu iliyokata chaji mkononi.