Njia ya Kokoda kwa miguu: uzoefu wangu na safari ya kuongozwa

Naipa nyota nne, na tatu kati ya hizo ni za wapagazi.

Njia hii ya Papua New Guinea ni kilomita 96 za kupanda na kushuka Milima ya Owen Stanley, kati ya Owers' Corner na kijiji cha Kokoda. Mwaka 1942 Wajapani walipita humu wakiutaka mji mkuu, Port Moresby, Waaustralia wakapambana nao kilima kwa kilima. Leo wageni wengi ni Waaustralia, wengine wamebeba picha ya babu kwenye begi. Ni hija hasa, ila hii ina ruba.

Usiupime ugumu wake kwa kilomita. Unavuka Mto Goldie, unaupanda mlima wa Imita, unashuka, unaanza kuupanda wa Ioribaiwa, na matope yanataka kukuvua buti. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka. Wajapani walifika Ioribaiwa Septemba wakiwa na njaa, kisha wakaamriwa kurudi nyuma. Mimi nilifika nikihema, na mgongoni nina chupa ya maji na koti la mvua tu.

Isurava, palipopiganwa vita vikali njiani humo, ndiyo iliyonikalisha chini. Pana nguzo nne za graniti zilizochongwa maneno ya ushujaa, ustahimilivu, usuhuba na kujitoa mhanga. Hapo ndipo askari wa Australia, Bruce Kingsbury, alipouawa tarehe 29 Agosti 1942, baada ya kuwavamia adui na bunduki ya rashasha aina ya Bren. Kiongozi wetu, Mwaustralia, alisimulia mpaka watu wakalia. Nilipomuuliza habari za Wapapua waliobeba majeruhi kwa machela katika utelezi huohuo, nikapata maneno machache tu, yote ya kusifu upole wao. Wengi waliandikishwa kwa lazima, jamani! Sisi ambao mababu zetu walibebeshwa mizigo ya Waingereza na Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, sifa ya upole haitutoshi.

Yaliyobaki nilisimuliwa na mpagazi wangu, wa kabila la Wakoiari, wenyeji wa milima hii, jioni tukikausha soksi motoni: watu walivyokimbilia msituni, na mashamba yao yakaliwa na wanajeshi. Yeye ndiye alistahili kuongoza kundi.

Chakula cha kampuni kilikuwa wali na samaki wa kopo, basi. Hema langu lilivuja.

Ukitaka kwenda, chagua kati ya Aprili na Oktoba, mvua zikiwa na nafuu, na hakikisha bima yako inalipia helikopta. Kabla ya kulipa, iulize kampuni wapagazi wanalipwa kiasi gani, wanabeba kilo ngapi, wanalala wapi mvua ikinyesha, na kama msimulizi wa historia ni mwenyeji. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kampuni nyingine, zipo nyingi.