Uzoefu wangu na duka la baiskeli la mtaani kwetu Kihesa, Iringa

Mwaka jana niliagiza baiskeli ya giya kutoka duka moja la Dar es Salaam. Ilifika kwa basi ikiwa ndani ya boksi, nikaiunga mwenyewe kwa spana ya kuazima. Wiki ya pili, nikiwa kwenye mteremko wa kutoka mjini kwenda Ipogolo, gurudumu la nyuma lilianza kuyumba na kugusa raba za breki kila lilipozunguka. Muuzaji aliniambia niirudishe kwa gharama zangu.

Niliipeleka kwenye duka dogo la baiskeli lililopo mtaani kwetu. Fundi, mzee ambaye sote tunamwita Mjomba, alinipokea kwa "Kamwene", salamu ya Kihehe, akaipindua baiskeli, kisha akalizungusha gurudumu polepole huku ukucha wa kidole gumba ukiwa karibu kabisa na rimu ili ajue ni wapi panapogusa. Kila alipopaona, alikaza spoku za upande wa pili kwa robo mzunguko na kulegeza za upande ule uliogusa, na aliendelea hivyo kwa muda wa saa nzima bila haraka yoyote. Alinieleza pia kwamba kwenye mteremko ule breki hubanwa na kuachiwa, kwa kuwa ukizishikilia mfululizo rimu hupata moto na raba huisha upesi. Oili ya injini niliyokuwa nikiipaka kwenye mnyororo aliifuta yote, akatia ya cherehani, kwa sababu ile nzito hunasa vumbi la kiangazi na kusaga meno ya giya.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa benchi la nje ya duka. Jumamosi asubuhi waendeshaji hukutana hapo kabla ya kwenda Kalenga au Isimila, na hapo ndipo unapoambiwa ni sehemu gani ya barabara ya Mbeya kingo zake zimeliwa, na ni saa ngapi malori hupita kwa wingi. Wanafunzi hujaza upepo bure, na nimeona kijana akilipia tairi kidogo kidogo kwa miezi miwili.

Vipuri vya breki za diski Mjomba hana, hivyo huagiza na utasubiri takriban wiki moja. Tyubu zake zimezidi bei ya sokoni kwa shilingi 1,000, nami huzinunua kwake kwa moyo mweupe.